Sikukuu za Kamina: Noeli, Bonane na Sherehe za Kipupwe katika Mji wa Reli

Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina misimu miwili ya sikukuu kwa mwaka, na misimu hiyo imepangika kinyume cha ile ya Ulaya, ambako baadhi ya sikukuu hizo zilitoka. Noeli na mwaka mpya, ambazo kwa Wabelgiji ni sikukuu za baridi kali na usiku mrefu, hapa huangukia katikati ya mvua zinazoanza Oktoba na kukatika Aprili, wakati maembe yameiva na majani mabichi yamefunika uwanda. Baridi huja Juni na Julai, katika kipupwe, yaani majira makavu ambayo mbingu huwa haina wingu, na usiku wa nyanda hizo zilizo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari hupoa kiasi cha kuwafanya watu waamkie motoni. Na sikukuu zilizoangukia katika baridi hiyo ni za dola. Historia ya sherehe hizi ni historia ya mamlaka zilizopokezana mji: wamisionari, kampuni ya reli, utawala wa kikoloni na serikali za baada ya uhuru. Kila mojawapo ilipanga siku za kufurahi kwa makusudi yake, ila zote zilitegemea kundi lilelile la watu ili siku hizo zipate uhai, nalo ni watoto na waimbaji wa mji. Ndiyo maana sikukuu zilidumu hata pale waliozianzisha walipoondoka.

Kabla ya reli na misheni, nchi inayoizunguka Kamina ilikuwa ya ufalme wa Waluba, ambao masimulizi yake yanamtaja Kalala Ilunga kuwa ndiye aliyemshinda Nkongolo, mtawala katili, na kuweka misingi ya utawala wenye adabu. Katika ufalme huo wakati ulihesabiwa kwa mwezi wa angani, na kuandama kwa mwezi kulikuwa jambo la heshima, lililohusishwa na pemba, yaani udongo mweupe mfano wa chaki, ambao weupe wake ulifananishwa na nuru inayorudi baada ya giza. Kwenye hafla za kifalme walitumbuiza watu wa mbudye, chama cha watunza kumbukumbu, ambao walicheza ngoma mbele ya umma na kusimulia historia huku vidole vyao vikipita juu ya lukasa, kibao cha mbao chenye shanga na michongo inayokumbusha majina ya wafalme, safari zao na mahali patakatifu. Wazo la kwamba sikukuu ni mahali ambapo mambo ya kale huimbwa na kuchezwa hadharani, vijana wakiwapo na kusikiliza, lilikuwa basi limekwisha kukomaa katika nchi hiyo kabla tarehe ya kwanza ya kalenda ya kigeni haijafika.

Kalenda hiyo ilikuja pamoja na reli. Kampuni ya Reli ya Kongo ya Chini hadi Katanga, iliyojulikana kwa herufi zake za Kifaransa BCK, iliundwa mwaka 1906. Njia inayotoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama kwenye mto Lualaba mwaka 1918, na sehemu ndefu ya kutoka Bukama hadi bandari ya mtoni ya Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, yenye zaidi ya kilomita 1,100, ilizinduliwa mwaka 1928 mbele ya Mfalme Albert I wa Ubelgiji. Kamina ilikuwa kituo katika njia hiyo, na mwaka 1956, njia nyingine ilipoiunganisha na Kabalo upande wa kaskazini mashariki, ikawa njiapanda ya treni zinazokwenda Kasai, Katanga ya kusini na ziwa Tanganyika. Mji uliolelewa na reli ulikuwa mji wa watu wa asili nyingi, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai, Wakanyoka, Walunda na wengineo, ambao nyumbani walisema lugha zao na sokoni wakaelewana kwa Kiswahili.

Hali hiyo iliathiri sikukuu kwa njia mbili. Kwanza, siku ya mapumziko ilianza kuamuliwa na kalenda ya ajira, ambayo ilimpa mfanyakazi siku chache za kutulia kwa mwaka, nazo zilikuwa zilezile kwa Mluba na kwa Mlunda, kwa fundi na kwa mbeba mizigo. Pili, kwa kuwa ukoo wa mtu mara nyingi ulibaki mbali kijijini, jirani alishika nafasi ya ndugu, na sikukuu ikawa jambo la mtaa mzima, ambamo sahani ya chakula ilivuka ua na kwenda kwa watu wasiokuwa wa damu moja na aliyeipika.

Upande wa dini, Kamina iliangukia katika eneo la Wafransisko wa Ubelgiji, waliokabidhiwa prefektura ya kitume ya Lulua, yaani jimbo changa la kimisionari, ambalo Novemba 1959 lilikuja kuwa dayosisi ya Kamina. Pamoja nao walikuwapo Wamethodisti, ambao kazi yao katika Katanga ilianzishwa na John McKendree Springer na mkewe Helen mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao baadaye waliifanya Kamina kuwa makao ya konferensi yao ya Katanga Kaskazini. Makanisa hayo yalitofautiana katika mengi, lakini yalikubaliana kwamba mtoto wa shule ndiye mlango wa kuingilia nyumbani, na kwamba Noeli, sikukuu ya kuzaliwa mtoto, ndiyo siku inayomstahili. Maigizo ya Betlehemu, nyimbo zilizokaririwa shuleni kwa majuma kadhaa, na kesha la tarehe 24 Desemba vikawa sura ya sikukuu hiyo. Majina yenyewe yanaeleza njia yaliyopitia: ambapo Mswahili wa Tanzania au Kenya husema Krismasi, neno lililotokana na Kiingereza, Mkongo husema Noeli, kutoka Kifaransa, na mwaka mpya huuita Bonane, ambayo ni salamu ya Kifaransa Bonne Année iliyolainishwa na ulimi wa Kibantu. Katika kipupwe, utawala wa kikoloni uliadhimisha tarehe 21 Julai, siku ya taifa la Ubelgiji, na katika maadhimisho hayo pia wanafunzi ndio waliopangwa mistari ili waonekane.

Mwaka 1953 padri Mfransisko aitwaye Guido Haazen alipewa uongozi wa shule ya misheni mjini Kamina, na katika muda mfupi akaunda kundi la waimbaji na wapiga ngoma lililoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji wa wakati huo. Kundi hilo lilikuwa na wavulana wapatao 45 wenye umri wa kati ya miaka 9 na 14, pamoja na walimu wao wapatao 15. Haazen hakuwafundisha nyimbo za Ulaya zilizotafsiriwa. Aliwaachia waimbe kwa mtindo wa nyumbani kwao, ambamo mmoja hutangulia, wengine humwitikia, na sauti hupangana papo hapo bila karatasi. Hazina waliyoimba inaonyesha jinsi mji wa reli ulivyokusanya watu, kwa maana zilikuwamo nyimbo za harusi, za kutoka matanga, za kazi na za askari, kutoka Katanga na kutoka Kasai, kila mtoto akija na alichosikia kwa bibi yake.

Kutokana na mazoezi hayo ilizaliwa Missa Luba, yaani misa ya Kiluba, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada tarehe 23 Machi 1958 kwenye misheni ya Kikatoliki ya Kamina. Maneno yake ni ya Kilatini, kama sheria ya kanisa ilivyodai wakati huo, lakini mahadhi yake ni ya nchi: mna mtindo wa kasala, ambao ni utungo wa sifa na maombolezo wa Waluba, na sehemu ya Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Sehemu moja inafaa kutazamwa kwa karibu. Katika Credo, yaani kanuni ya imani, waimbaji wanapofikia maneno ya kusulubiwa kwa Kristo, shangwe hukatika na husikika ngoma ya gogo lililotobolewa mwanya, ile ambayo katika vijiji vya Waluba hupeleka habari za kifo kutoka kijiji hadi kijiji, kisha sauti huomboleza kama inavyoombolezwa maiti aliye uwanjani. Msikilizaji wa Kamina hakuhitaji kujua Kilatini ili aelewe kwamba mtu amekufa na kwamba mtu huyo ni wa kwao. Mwaka huohuo watoto hao walisafiri Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, wakaimba katika maonyesho ya dunia ya Brussels, na sauti zao zikaenea kwa santuri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliridhia mapokeo ya muziki wa mataifa katika ibada Desemba 1963, zaidi ya miaka mitano baada ya shule hiyo kufanya hivyo, na mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya misa hiyo, hivyo kazi ya watoto wa Kamina ikarudi kwa wasemaji wa Kiswahili kupitia Afrika Mashariki.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulikuja katika kipupwe, na kabla majuma mawili hayajapita, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, jambo lililopingwa na Waluba wengi wa kaskazini waliomfuata Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat. Nchi ilikuwa sasa na siku mbili za uhuru zilizoshindana katika majira yaleyale ya baridi, na kwa mji kama Kamina, ulio karibu na kambi kubwa ya kijeshi iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, kuchagua siku ya kusherehekea kulikuwa kuchagua upande. Ushindani huo ulifika mwisho wakati wa sikukuu za mvua: siku za mwisho za Desemba 1962, kati ya Noeli na Bonane, majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliuteka mji, na Januari 1963 kujitenga kukakoma.

Jaribio kubwa zaidi kwa Noeli lilitoka kwa serikali ya Mobutu Sese Seko. Katika siasa ya uhalisia, iliyodai kurudisha utu wa Kiafrika, nchi iliitwa Zaire mwaka 1971, majina ya ubatizo ya kigeni yalipigwa marufuku mwaka 1972, na mwaka 1974 tarehe 25 Desemba iliondolewa katika orodha ya siku za mapumziko, shule za makanisa nazo zikachukuliwa na dola. Mahali pa sikukuu za dini pakawekwa siku za chama tawala, MPR, pamoja na kile kilichoitwa animation politique, yaani nyimbo na ngoma za kumsifu kiongozi, zilizochezwa na wanafunzi na wafanyakazi. Serikali hiyo ilitambua, kama wamisionari kabla yake, kwamba sikukuu bila wimbo wa watoto haina nguvu, ikawachukua watoto wale wale. Hata hivyo Noeli ilibaki makanisani na majumbani, shule zikarudishwa mikononi mwa makanisa kwa mapatano ya mwaka 1977, na leo tarehe 25 Desemba ni siku ya mapumziko tena, wakati nyimbo za chama zimekwisha pamoja na chama chenyewe.

Sikukuu za mvua zilivyo sasa zinabeba alama za vipindi vyote hivyo. Maandalizi huanza kwa fundi cherehani, kwa kuwa mzazi anayejitahidi hutaka mtoto avae nguo mpya, na mama hujitafutia kikwembe, yaani kitambaa cha kujifunga kinachoitwa kitenge kwingineko. Usiku wa tarehe 24 ni wa kesha, kwaya zikipokezana na watoto wakiigiza kuzaliwa kwa Yesu. Kesho yake huandaliwa bukari, jina la ugali katika Katanga, pamoja na sombe, ambayo ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, kuku au mbuzi kwa mwenye uwezo, na samaki waliokaushwa kutoka maziwa ya Upemba, ambao kwa vizazi vingi wamekuwa kitoweo cha nchi hiyo. Watoto hunywa munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi kilichotiwa mizizi ya mmea wa jina hilo, kitamu siku ya kwanza kabla hakijachacha. Wiki moja baadaye, salamu ya Bonane huwa pia ombi: mtoto akiitamka mlangoni kwa jirani, hutarajia sarafu, peremende au kipande cha nyama, na jirani huona haya kumwacha aondoke mikono mitupu. Tarehe 30 Juni, katika baridi ya asubuhi na vumbi la kipupwe, watoto haohao huonekana tena wakiwa na sare za buluu na nyeupe, wakipiga hatua mbele ya wakuu wa mkoa, ambao tangu mwaka 2015 una makao yake hapo Kamina.

Mfululizo huu unatoa hukumu iliyo wazi. Kampuni ya BCK haipo tena, utawala wa Wabelgiji umekwisha, chama cha Mobutu kimekwisha, lakini Noeli na Bonane zimebaki, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa kwa majirani na kwa watoto wao. Missa Luba haikuandikwa kwanza kwenye karatasi, na isingejulikana leo kama isingerekodiwa ilipokuwa ikiimbwa. Nyimbo nyingine nyingi za shule, za kesha na za Bonane hazikupata bahati hiyo, na wazee wanaozikumbuka wanapungua. Inazipasa shule, parokia na chuo kikuu cha Kamina kuzirekodi, pamoja na majina ya waliozitunga na vijiji zilikotoka, wakati bado wapo wa kuziimba. Misa iliyoutambulisha mji huu duniani ilikuwa kazi ya wavulana 45 na walimu 15 wa shule moja.