Llama: moto, mnyama na mwito

Anayejifunza Kihispania hukutana mapema na llama, kwa kuwa watu hutambulishana kwa kusema «Se llama…», yaani anaitwa fulani. Kitenzi llamar, ambacho llama ni umbo lake, ni kuita, na pia kupiga simu. Kimetokana na clamare ya Kilatini. Lakini llama ni nomino pia. Ni mwali wa moto, kutoka flamma ya Kilatini. Tena ni mnyama wa milima ya Andes, wa jamii ya ngamia ila hana nundu, ambaye jina lake limetoka katika Kikechua. Asili tatu, umbo moja.

Tazama la llama. Katika «la llama se apaga», mwali unazimika. Katika «la llama come hierba», mnyama anakula nyasi. Katika «Juan la llama», Juan anampigia simu mwanamke. Hapo la ni kiwakilishi.

Mswahili asitishike. Kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako hatuvichanganyi, kwa sababu maneno jirani hutuongoza. Basi mwanafunzi asikariri orodha ya maana. Ajifunze kila maana pamoja na sentensi yake.