Aliondoshwa Nchini

Tarehe 26 Desemba 2003, Mohammed al-Asad alikamatwa nyumbani kwake Dar es Salaam. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Yemen, aliyeishi Tanzania tangu miaka ya 1980 na kuoa hapa. Alipandishwa ndege akiwa amefunikwa uso, bila kuambiwa anapelekwa wapi.

Nilikuwa mtoto wakati huo. Niliposoma habari zake nikiwa mtu mzima, kilichonishtua zaidi kilikuwa ni makaratasi yetu wenyewe. Familia iliambiwa amerudishwa Yemen. Yemen ikajibu kwamba hajaingia. Baba yake mzee akaja kumtafuta, akaenda Mahakama Kuu, na huko ndiko maofisa wa serikali walikosema kwamba alipelekwa Djibouti.

Kwa nini Djibouti? Hakuwa raia wa huko, wala hakuwa na ndugu huko. Kwa maelezo yake mwenyewe, alihojiwa na Mmarekani kuhusu Al-Haramain, shirika la misaada la Kisaudia alilolipangisha nafasi katika jengo lake. Kisha alikabidhiwa watu waliovaa nyeusi, nyuso zimefichwa, akaingia katika magereza ya siri ya CIA: seli ya peke yake, kelele zisizokoma, hakuna barua, hakuna wakili. Mei 2005 alipelekwa Yemen. Marekani haikuwahi kumshtaki kwa ugaidi.

Mwaka 2014 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikuta Poland na hatia ya kushirikiana na CIA. Mwaka huohuo, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitupilia mbali malalamiko ya al-Asad dhidi ya Djibouti, ikisema haikuthibitika kwamba alikuwa huko. Alifariki mwaka 2016.

Kwa Kiswahili tunasema "aliondoshwa nchini." Kitenzi hicho hakimlazimu msemaji kumtaja aliyeondosha. Kinatosha kumpitisha mtu kwenye lango la uwanja wa ndege, na sisi tukabaki tunaamini mateso ni mambo ya Wamarekani, ya mbali. Lakini mlango wa kwanza haukugongwa Afghanistan wala Marekani. Uligongwa Dar es Salaam, na waliougonga walikuwa wakilipwa kwa kodi za wazazi wangu.