Kichaa cha Mbwa, Ukucha wa Paka

Oktoba 2007, daktari mmoja Mholanzi, mwanamke wa miaka 34, alikuwa amepiga kambi Tsavo Magharibi, Kenya. Popo mdogo akamrukia usoni na kwenda zake. Alimwachia mikwaruzo miwili kwenye pua, yenye damu kidogo tu. Akaiosha kwa sabuni, akaendelea na safari. Chanjo hakuchomwa. Wiki tatu na ushee baadaye, akiwa amerudi kwao, ulimi ulianza kuwa mzito, akashikwa na kizunguzungu. Alifariki Desemba katika hospitali ya Amsterdam. Virusi vilivyomuua vinaitwa Duvenhage, ndugu wa karibu wa vile vinavyotoka kwa mbwa, na ugonjwa wenyewe ni uleule.

Katika kisa hiki chote hakuna mbwa, wala hakuna aliyeumwa. Lakini Mswahili akiulizwa daktari yule alikufa kwa nini, hana jibu lingine: alikufa kwa kichaa cha mbwa.

Istilahi hiyo imekaa vinywani na katika kamusi kiasi kwamba hakuna anayeihoji tena. Wenye lugha nyingine walilipa jina lao sura tofauti. Neno la Kilatini ambalo sayansi ililirithi, rabies, maana yake ni ghadhabu, na halina mnyama ndani yake. Wagiriki walisema lyssa, nalo ni ghadhabu ya wazimu. Ndilo lililowapa wanasayansi jina la ukoo mzima wa virusi hivi. Waarabu, ambao Kiswahili kimekopa kwao maneno mengi ya maradhi na tiba, wanasema daa al-kalab, na ndani ya neno hilo la mwisho yumo kalb, yaani mbwa. Kwa hiyo Waswahili hawako peke yao katika kumtia mnyama huyu hatiani, na hawakumwonea. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema visa 99 katika kila 100 vya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa. Makadirio ya vifo ni takriban 59,000 kwa mwaka duniani kote, vingi mno Afrika na Asia, na kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15.

Jina, basi, lina haki ya kubaki. Kiswahili kina pepopunda, na hakuna muuguzi anayemngoja punda atokee ndipo achome sindano ya kuuzuia. Tatizo la kichaa cha mbwa ni kwamba jina bado liko hai. Msikilizaji bado anamwona mbwa, tena mbwa mwenye kichaa: mdomo unatoka povu, macho mekundu, anamkimbiza kila apitaye. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Nusu nyingine ni kimya. Upo mkondo wa ugonjwa huu usiokuwa na fujo, ambao mnyama hulegea, taya likaning'inia, mate yakamchuruzika, asiweze kumeza. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa. Humshika kichwa, akamfungua kinywa, akaingiza vidole kuutafuta mfupa ambao haupo. Hapo mkono umelowa mate yenye virusi, na kama kidoleni pana mchubuko wa jembe au kisu cha jikoni, mlango uko wazi. Mtu huyo akiulizwa kama mbwa alikuwa na kichaa, atajibu kwa moyo safi kabisa kwamba hapana, alikuwa mgonjwa tu, maskini. Kwa binadamu pia, takriban mgonjwa mmoja katika watano hupata mkondo wa namna hii, wa kupooza polepole bila ile hofu ya maji inayojulikana na wengi.

Neno jingine linalohitaji kutazamwa kwa karibu halimo katika jina, bali katika swali linaloulizwa mlangoni mwa zahanati: "Umeumwa na mbwa?" Kitenzi hiki kina mambo yake. Anayesema "naumwa" ana maradhi. Anayesema "nimeumwa na mbwa" ametiwa meno. Kwa hiyo mama aliyemleta mwanawe mwenye mistari mitatu myekundu mkononi, kumbukumbu ya paka wa jirani, akiulizwa swali hilo atasema, "Hapana, hajaumwa. Paka kamparura tu." Neno lenye hatari katika jibu hilo ni "tu".

Ukucha hauna sumu wala virusi vyake wenyewe. Virusi hukaa katika mate. Lakini paka hujilamba kutwa, miguu ikiwamo, na mnyama mgonjwa anayedondosha mate huyakanyaga. Ukucha uliolowa ukipasua ngozi hufanya kazi ileile ya jino, japo kwa uwezekano mdogo zaidi. Uingereza ilikumbushwa jambo hili Juni 2025, ilipothibitisha kifo cha mwanamke wa Yorkshire kwa kichaa cha mbwa. Miezi michache kabla yake, akiwa mapumzikoni Morocco, alikwaruzwa kidogo na mbwa mchanga. Familia yake ilieleza kwamba wakati ule hakuna aliyelitilia maanani. Na kwa nini walitilie? Mkwaruzo mdogo, mbwa mdogo, likizo nzuri.

Madaktari wana neno la Kiingereza, exposure, la kukusanya hali zote hizi, kuumwa, kuparurwa, kulambwa kwenye kidonda, mate kuingia jichoni, na ndilo neno linalowatesa wafasiri. Wengine wameandika mfiduo, wengine mfichuo. Yote mawili yanafaa kwenye ripoti, lakini muuguzi akimwambia mama "mwanao amepata mfiduo," jibu litakuwa "ndiyo nini hiyo?" Na hapo dakika zimepotea. Lipo neno jepesi zaidi ambalo kila mtu analo: mguso. Mate yamegusa wapi? Yamegusa ngozi nzima, ngozi iliyochubuka, au utando laini wa jicho na mdomo? Swali hilo halimtaji mbwa, halitaji kichaa, halitaji meno, na kila linachokigusa ndicho kinachoamua maisha ya mtu.

Ngazi tatu za WHO zinaelezeka vizuri kwa neno hilo. Kumlisha mnyama, kumpapasa, au kulambwa mahali ngozi haina jeraha ni mguso wa ngazi ya kwanza, na dawa yake ni kunawa basi. Ngazi ya pili ndiyo inayosahauliwa: meno yaliyobana ngozi bila kuitoboa, mkwaruzo au mchubuko mdogo usiotoka damu. Hapa tayari chanjo inatakiwa, bila kungoja. Ngazi ya tatu ni jino au ukucha uliopenya ngozi, mate katika kidonda, jichoni au mdomoni, na mguso wa moja kwa moja na popo. Huyu anahitaji chanjo pamoja na kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, ambazo hudungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe. Yule mtoto wa mistari mitatu, ambaye "hajaumwa", yumo katika ngazi ya pili, na kama mistari imetoa damu, yumo katika ya tatu.

Kabla ya sindano kuna maji. Dakika 15 za kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, hilo ndilo agizo, na wengi hulisoma haraka kama desturi ya usafi. Robo saa ni muda mrefu mno kwa mtoto anayelia. Nyumba isiyo na bomba inahitaji watu wawili: mmoja anashika mkono wa mtoto juu ya beseni, mwingine anachota kwa kata na kumimina taratibu, sabuni inapakwa, inasuguliwa kwa upole, inamiminiwa, inapakwa tena, ndoo inaisha, ya pili inaletwa. Kazi hiyo inaokoa kwa sababu kirusi hiki kimevikwa ganda lenye mafuta, na sabuni huvunja mafuta. Ganda likichanika, kirusi hakiwezi tena kuingia katika seli. Pilipili, utomvu wa majani na mafuta ya taa havifanyi hivyo. Huwasha kidonda na kukiharibu zaidi.

Ndipo linapokuja neno chanjo, ambalo nalo linachanganya watu. Kuchanja asili yake ni kukata, kama kuchanja kuni au kuchanja chale, na katika akili ya mzazi wa leo chanjo ni ya mtoto mzima asiye na maradhi, iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Inakuwaje mtu achanjwe baada ya kupatwa? Jibu ni mwendo wa kirusi. Kutoka kwenye jeraha, kirusi hupanda kwa kufuata mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au mwaka mzima. Chanjo inaingia katika mbio hizo na kuufundisha mwili kujikinga kabla kirusi hakijafika. Kikishafika na dalili zikaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Ndiyo maana jeraha la usoni, ambapo njia ni fupi, humtia daktari wasiwasi zaidi kuliko la mguuni.

Louis Pasteur alizishinda mbio hizo kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya dunia Julai 6, 1885, alipoanza kumchanja mvulana wa miaka tisa aliyeletwa Paris kutoka Alsace akiwa na majeraha mengi ya mbwa. Mtoto yule alidungwa mara 13, akaishi. Kumbukumbu ya sindano nyingi imedumu kuliko kumbukumbu ya uhai: hadi leo wapo watu wazima wanaozikwepa "sindano za mbwa" kwa kuamini kwamba huchomwa kitovuni, moja kila siku, kwa wiki mbili au tatu. Enzi hiyo ilikuwapo kweli, na imepita. Sasa huchomwa mkononi. Ratiba mojawapo iliyokubaliwa na WHO mwaka 2018 ni ya kudunga kiasi kidogo chini ya ngozi ya juu, mahali pawili, siku ya kwanza, kisha siku ya tatu na ya saba baada ya hiyo ya kwanza, na kazi imekwisha.

Gharama ya kutouliza swali sahihi haionekani kirahisi, kwa kuwa wengi hufia nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulianza na hesabu ya watu walioumwa na mbwa nchini Tanzania, ukapata makadirio ya vifo 1,499 kwa mwaka, karibu mara 100 ya vilivyokuwa vikiripotiwa rasmi. Pemba imeonyesha upande mwingine. Kwa kuchanja mbwa wa kisiwa kizima mwaka hadi mwaka, ugonjwa ulitoweka kufikia Mei 2014. Kampeni zikasinzia. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingizwa tena kisiwani mara mbili, watu na wanyama wakarudi hatarini, na chanjo za mbwa zikaanza upya hadi mlipuko ukazimwa Oktoba 2018. Kiwango kinachotajwa na wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, na hapo jina la ugonjwa linafaa kabisa: ukimkinga mbwa, umemkinga paka, mbuzi na mtoto.

Kwa yule mama na mwanawe, bado kuna kazi moja isiyohitaji dawa. Sindano ya kwanza ikishachomwa, paka wa jirani asiuawe wala asifukuzwe. Afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji, atazamwe kila siku bila kushikwashikwa. Siku ya kumi, paka yuleyule akiwa bado anakula, anatembea na kulia kama kawaida yake, mate yake siku ile ya mkwaruzo hayakuwa na virusi, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akifa kabla ya hapo, au akitoweka asijulikane alipo, sindano zinaendelea hadi ya mwisho.