Mjomba na Wadhamini wa Ubatizo katika Nchi ya Kilosa

Rudewa iko bondeni, kaskazini ya Kilosa, chini ya milima ya Wasagara na Wakaguru. Kwa makabila hayo mtoto hupata ukoo wake kukeni. Baba alimlea na kumlisha, lakini mwenye neno kubwa juu yake alikuwa mjomba. Naye alipokea sehemu ya mahari ya mpwa wake, na zamani aliweza hata kumweka rehani kwa deni la ukoo.

Basi C.M.S. walipoanza kazi Mamboya, karibu na mwaka 1880, walihubiri nyumba ambayo kichwa chake ni baba. Wakamkabidhi mtoto mtu asiyekuwa na neno la mwisho.

Ajabu ni kwamba njia ilikuwamo katika sheria za Kanisa lao wenyewe. Kanuni za mwaka 1604 zilimkataza mzazi kuwa mdhamini wa mwanawe, na Kitabu cha Sala cha 1662 chataka wadhamini watatu. Mjomba aliyebatizwa angefaa sana: amri yake ya kale ingekuwa wajibu wa kumfundisha mpwa imani. Asiyebatizwa hakuweza kusimama penye birika.

Mashamba ya mkonge yalileta wageni wahesabuo ukoo kuumeni. Mtoto wa baba mgeni na mama Msagara aliweza kudaiwa na pande mbili. Wa baba Msagara na mama mgeni, asidaiwe na upande wowote. Kwa mtoto huyo, naona, mwalimu wa sala aliyefaa kuliko wote ni bibi, ambaye kwa desturi haogopwi, bali ni mtani wa wajukuu wake.