Tasnifu ya uzamili katika menejimenti: pa kuanzia na pa kuwa makini

Tasnifu ni ripoti ya utafiti ambayo mwanafunzi wa shahada ya uzamili, ikiwemo MBA, huiandika baada ya masomo ya darasani. Vyuoni wengi huiita tu disatesheni. Hapa ndipo hata waliofaulu mitihani yote hukwama, kwa sababu hakuna tena ratiba ya vipindi, na aliyeajiriwa hurudi nyumbani saa mbili usiku akiwa hoi. Miezi inakatika, kisha inakuja ada ya kuongezewa muda.

Tatizo huanzia kwenye mada. "Athari za uongozi kwa utendaji wa wafanyakazi" ni bahari. Ikibanwa, inakuwa swali linalofanyika: kwa nini matawi mawili ya SACCOS moja yanapishana sana katika kukusanya marejesho ya mikopo? Hapo watu wa kuhojiwa wanajulikana na kumbukumbu zipo. Ila zipo kwa nani? Kabla ya kuipenda mada, mwanafunzi aulize kama taasisi itakubali kutoa taarifa. Ikikataa katikati ya safari, anaanza upya.

Vyuo vingi vya Afrika Mashariki hutumia sura 5: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, na hitimisho lenye mapendekezo. Pendekezo la utafiti huwa ndilo sura 3 za kwanza, kwa hiyo likiandikwa vizuri kazi kubwa imeshapungua.

Kwenye sampuli, wengi hutumia kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967. Kama wafanyakazi ni 400 na kiwango cha kosa ni 0.05, jibu ni 200. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linatoa 196, karibu yale yale. Lakini hesabu hizi ni za dodoso linalojazwa na watu waliochaguliwa kwa nasibu. Anayefanya mahojiano ya kina na mameneja 15 hazihitaji kabisa, na kuzibandika humo ni kujitafutia maswali.

Dodoso nalo lijaribiwe kwanza kwa watu wachache walio nje ya sampuli. Wakiuliza "hili swali linamaanisha nini?", lirekebishwe. Kwa maswali ya kukubali au kukataa kwa ngazi 5, kipimo cha kawaida cha uthabiti ni alfa ya Cronbach, na 0.7 ndiyo inayochukuliwa kuwa inatosha.

Kibali kisisahaulike. Kenya, utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI. Tanzania, mwanafunzi wa ndani huanzia kwenye barua ya chuo chake. Data iliyokusanywa bila kibali inaweza kukataliwa yote.

Msimamizi naye ana wanafunzi wengine. Anayempelekea kurasa 10 kila wiki mbili hujibiwa upesi kuliko anayetupa kurasa 90 mwezi wa mwisho.

Halafu kuna wale wa "nitakuandikia kwa bei poa". Programu ya kukagua wizi wa maandishi inaweza isiwakamate. Siku ya utetezi, mtahini anauliza jambo dogo tu: kwa nini watu 200, na si 100? Aliyeandikiwa hubaki akifungua kurasa.