Kericho: Kilo Ziliandikwa, Migongo Ikasahaulika

Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, hakuna kilichoandikwa kwa uangalifu zaidi kuliko uzito wa majani mabichi. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, na kwa miaka mingi mchumaji alisimama mbele ya mizani huku karani akiandika kilo zake, kwa kuwa ndizo zilizopima ujira wake. Kumbukumbu hizo zilikuwa kamili kiasi kwamba mwaka 2004 watafiti walizitumia kuonyesha madhara ya ukimwi. Wachumaji waliokuwa wakiugua walipungukiwa na kilo 4 hadi karibu 8 kwa siku katika mwaka mmoja na nusu kabla ya kuacha kazi.

Mgongo uliobeba majani hayo haukupata karani wa namna hiyo.

Kuyapa maradhi misimbo, yaani alama za kuyahesabia kwenye kumbukumbu, kulianza na wafu. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya sababu za vifo, na ni mwaka 1948 tu, Shirika la Afya Duniani liliposimamia toleo la sita la orodha hiyo, ambapo magonjwa ya walio hai yaliingizwa. Toleo la kumi, lililoidhinishwa 1990, liliyapa maumivu ya kiuno msimbo M54.5, na kuvunjika kwa mfupa wa paja S72.

Misimbo hiyo haikufika zahanati za mashambani upesi. Kwa miaka mingi muhtasari wa wagonjwa wa nje uliopelekwa wizarani ulikuwa na mstari mmoja wa baridi yabisi na maumivu ya viungo ya kila aina. Bibi wa miaka 70 mwenye goti bovu na mchumaji wa miaka 30 asiyeweza kuinama walihesabiwa pamoja. Mwaka 2011 taarifa hizo zilihamia kwenye kompyuta nchi nzima, lakini kompyuta haiwezi kutenganisha kilichokwisha kuchanganywa kwenye karatasi.

Mfupa uliovunjika ulikuwa na bahati zaidi. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyoanzishwa 1937, madaktari wa mifupa hutumia vyuma vya SIGN, shirika lililoanzishwa 1999 na Dkt. Lewis Zirkle wa Marekani. Vyuma hivyo hutolewa kama msaada, na daktari anatakiwa kuingiza kila upasuaji katika hifadhidata ya shirika, pamoja na picha za eksirei. Mgonjwa akirudi kliniki, hupigwa picha akiwa amechuchumaa na kutabasamu. Kipimo hiki nakipenda, kwa sababu anayeweza kuchuchumaa anaweza kutumia choo cha shimo na kurudi shambani.

Mgongo unaochakaa polepole hauna siku ya ajali wala picha ya mfupa uliokatika. Pengo hilo lilionekana wachumaji wa zamani na wa sasa wa mashamba ya Finlay walipoishtaki kampuni hiyo katika Mahakama ya Session, Edinburgh, wakidai kuwa kazi iliwaumiza migongo, shingo na viungo. Kampuni ilikana madai hayo. Mwishoni mwa 2023 majaji wa rufaa wa Uskoti waliisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya Kenya ya mwaka 2007.

Chini ya sheria hiyo daktari hujaza fomu na kutaja ulemavu kwa asilimia, na haki ya fidia hupotea ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12. Mchumaji ambaye kadi yake imeandikwa tu "maumivu ya mgongo, dawa za kutuliza" anaingia katika madai hayo mikono mitupu, na hilo ni dhuluma hata kama hakuna aliyeikusudia.

Toleo la kumi la orodha ya magonjwa lina msimbo mwingine usiotajwa sana, Y96, unaosema ugonjwa umetokana na kazi. Matabibu wa Kericho na Bomet, mwulizeni kila mgonjwa wa mgongo anafanya kazi gani, kwa miaka mingapi, anabeba kilo ngapi, kisha yaandikeni hayo yote na kuweka Y96 kando ya M54.5 pale inapostahili. Nawe mchumaji, usitoke kliniki kabla kazi yako haijaandikwa kwenye kadi, na kadi hiyo uitunze.