Leseni Badala ya Hakimu: Kufungwa kwa Redio CBS, 2009

Tukihesabu hukumu za mahakama peke yake, tutasema kwamba uhuru wa kusema umeshinda nchini Uganda. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilikubaliana na waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, ikafuta kosa la kuchapisha habari za uongo. Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ikafuta kosa la uchochezi, ambalo Mwenda alikuwa ameshtakiwa kwalo kwa maneno aliyoyasema katika redio KFM mwaka 2005. Lakini siku uchochezi ulipofutwa, redio CBS ya Kampala ilikuwa imenyamazishwa kwa karibu mwaka mzima, na hakuna hakimu aliyeifunga. Nataka kueleza jinsi mambo haya mawili yalivyowezekana kwa wakati mmoja.

Hadi mwaka 1993 redio ilikuwa mali ya serikali. Mwaka huo stesheni za kwanza za watu binafsi, Sanyu na Capital, zilianza kusikika. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilifuata mwaka 1996. Mwaka huohuo sheria mpya iliunda Baraza la Utangazaji na kulipa mamlaka juu ya leseni. Mlango ulifunguliwa, ila ufunguo ulibaki serikalini.

Matunda ya uhuru huo yalikuwa ebimeeza, mijadala ya hadhara iliyorushwa moja kwa moja hewani. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalitambua neno "meza" humo ndani, na mjadala wa CBS uliitwa kwa Kiswahili kabisa: Mambo Bado. Mtu asiye na cheo aliweza kusimama na kumjibu mbunge, na nchi ikamsikia.

Septemba 2009 serikali ilimzuia Kabaka Mutebi kuzuru Kayunga. Ghasia zilizuka tarehe 10, na zaidi ya watu 20 walikufa. Baraza likazima CBS, Radio Sapientia, Suubi FM na Akaboozi, likisema zinachochea vurugu. Ebimeeza ikapigwa marufuku. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010 tu, baada ya mazungumzo na serikali, miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2011.

Waliounga mkono hatua hiyo walikumbusha RTLM ya Rwanda, na hoja yao si ya kupuuzwa. Redio ile iliwahimiza watu waue majirani zao mwaka 1994. Hata hivyo, wakuu wake walishtakiwa mjini Arusha, ushahidi wa matangazo ukasikilizwa, wakajitetea, na hukumu ikatolewa Desemba 2003. Nakubali kwamba mji unapowaka moto huwezi kusubiri miaka. Matangazo yanaweza kusimamishwa kwa siku chache. Lakini siku hizo zikiisha, anayedai kuwa redio imechochea alete kanda mbele ya hakimu. Ghasia za Septemba zilidumu siku chache. Adhabu ya CBS ilidumu miezi 13.

Tofauti iko hapa. Mwandishi akishtakiwa, serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Leseni ikichukuliwa, mzigo unamwangukia mwenye redio, na kila siku anayongoja anapoteza matangazo ya biashara huku wafanyakazi wakikosa mishahara. Ndiyo maana huchagua kupatana badala ya kushindana. Mei 2013 polisi walipozingira ofisi za gazeti la Daily Monitor wakitafuta barua ya Jenerali Sejusa, KFM na Dembe FM nazo zilizimwa kwa siku kama kumi, ingawa habari ya barua ile ilitoka gazetini. Wenye stesheni nyingine hawakuhitaji kuandikiwa onyo.

Kwetu Mpumudde, Jinja, muuza chapati na fundi wa pikipiki wanafanya kazi redio ikiwa wazi tangu asubuhi. Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inawalinda hao pia, si waandishi tu, kwa kuwa redio ikizimwa wao hawana gazeti la kukimbilia. Kwa maoni yangu, historia ya CBS inatudai jambo moja dogo linaloweza kuandikwa katika sheria: redio isifungwe zaidi ya siku chache bila amri ya mahakama. Hukumu za 2004 na 2010 zilimlinda msemaji. Kipaza sauti chake bado hakijalindwa.